Minyaa ya Mpaka wa Romana

Nakwa, Babati

Mdogo wangu Tadeo,

Hapa tu wazima. Mahindi yameanza kubeba, ila goti langu halitaki kupona.

Uliniambia kwenye simu, "Dada, sasa wewe ni diwani. Nyamaza tu, mambo ya shamba yataisha yenyewe." Ngoja nikueleze. Kwa miaka kumi na tisa nimezunguka Sigino na Mutuka kuwatetea wajane wanaofukuzwa kwenye mashamba ya waume zao. Kwa kazi hiyo watu walinichagua. Sasa mjane ni Romana, mke wa marehemu kaka yetu, na aliyetuma watu wang'oe minyaa ya mpaka wake ni wewe.

Kosa lako ni kuiacha palepale. Minyaa, hata ikikatwa vipande, ukiichomeka ardhini inashika. Jana niliipanda yote, Romana akinishikia kamba. "Wifi mheshimiwa, mstari umepinda!" akacheka. Tukaunyoosha.

Jumatano baraza la kata litasikiliza shauri lake. Nitakaa upande wa mashahidi, nami nitalitaja jina lako. Ukimaliza kujibu, uje nyumbani ule. Wewe bado ni mdogo wangu.

Dada yako,
Natalia