Nilipowatoa Askari Wangu Msituni

Sparkbrook, Jumapili, Novemba 1974

Mvua tangu alfajiri, na mimi sikaliki. Nimeenda dirishani mara tisa. Nimehesabu.

Jana nilishindwa, tena si kwa kukosa akili. Hilo ndilo linaloniuma.

Miaka mitatu sasa naenda kwenye klabu ya Waingereza ya michezo ya vita, ukumbi ule wa nyuma ya Stratford Road. Tunapigana vita vya kale mezani kwa vinyago vya askari, urefu wa kidole. Miaka mitatu jina langu limo kwenye orodha ya wageni. Watatu waliokuja nyuma yangu wameshakuwa wanachama. Safari hii mwenyekiti akasema: ushike msitu wa mezani raundi nane bila kutolewa, tutakupigia kura uwe mwanachama.

Wakanipa Wamoldavia, Warumania wa zamani, jeshi ambalo hakuna alitakaye. Arobaini dhidi ya Waturuki mia na ishirini. Sikulalamika. Nilikuwa nimeshawasoma maktaba. Wengi wao wakulima, walioitwa vitani na shoka, mundu na upinde wa nyumbani. Waliovaa deraya za chuma ni mabwana wachache tu. Uwandani hawakuthubutu. Walichoma mashamba yao wenyewe, wakaharibu visima, adui akabaki na njaa, kisha wakamvuta hadi bonde jembamba lenye kinamasi na ukungu, mahali ambapo wingi ni mzigo. Hapo ndipo walipomrukia.

Watu wa hesabu hao. Niliwapenda.

Raundi sita nilirudi nyuma ndani ya msitu na kupiga mishale. Waturuki wakabaki sabini na wanane, mimi thelathini na sita. Zilikuwa zimebaki raundi mbili. Ndipo mpinzani wangu, fundi bomba mmoja wa Northfield, akainua kichwa: "Unakimbia tena, rafiki? Ndivyo mnavyopigana huko kwenu?"

Ukumbi mzima ukacheka.

Nikawatoa wote msituni.

Huko uwandani hawakumaliza hata raundi moja.

Leo mke wangu Zuhura amenikuta nimewapanga upya kwenye meza ya chakula. "Baba Salma, wahamishe Warumania wako, nataka kusukuma chapati." Nikamweleza yote. Wala hakunionea huruma. "Nyapara wa kiwandani alikuita kila jina miaka minne, ukanyamaza mpaka ukaijua mashine kumshinda. Sasa jana nani alikuwa anakufukuza?"

Kiwandani nilikuwa na njaa, na mwenye njaa hungoja. Jana nilishajiona nimeshiba, nikataka heshima palepale.

Baada ya kushindwa niliomba marudio. Mwenyekiti amekubali: Jumamosi, msitu uleule, arobaini walewale. Fundi bomba atanichokoza tena, maana ameshajua pa kushika.

Zimebaki siku sita. Sasa hivi nimetoka dirishani, mara ya kumi. Mtu asiyeweza kungoja mvua ikatike, ataweza kungoja raundi nane huku anachekwa?

Basi nimekaa. Mvua na inyeshe.