Nani Alimtoa Mama Pindo Kwenye Orodha

Chumba Namba Tatu,
Nyumba ya Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni,
S.L.P. 418.

9 Juni

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu zangu nyingi, nami naomba zikukute mzima, umeshiba na umevaa soksi. Baba yako aliniambia kifua kilikubana wakati wa baridi. Je, kimeachia? Usinijibu "niko poa, shangazi" kama mara ile; nataka kujua unakohoa au hukohoi. Sisi hapa tunamshukuru Mungu, tunapumua. Goti langu la kushoto limegoma kupanda ngazi za kwa dobi, lakini mikono bado inashika pasi, na pasi ndiyo inayonilisha.

Barua yako niliipata, pamoja na yale maswali yako kumi na mawili. Niliyasoma mara mbili, kisha nikayaficha chini ya godoro. Nisamehe. Siku hizi karatasi ya maswali ikiingia nyumba hii, watu hushusha sauti. Unauliza kama mpango wa kadi za matibabu umeimarisha mshikamano wa jamii, na kama nawaamini majirani zangu sana, kiasi, kidogo, au siwaamini kabisa. Kabla sijajibu, nami nina langu moja: nani mwingine ataisoma barua hii? Hao wanaokusomesha si ndio hao hao wanaotoa kadi? Sikushuku wewe, nimekubeba mgongoni. Nawashuku waliosimama nyuma yako.

Basi nikueleze yaliyotokea, uyapime mwenyewe.

Mwaka jana walikuja vijana wawili wenye simu pana kama sahani. Wakapita chumba hadi chumba, vyumba vyote vinane. Una kitanda? Una redio? Paa linavuja? Nani anakusaidia? Nilipofika hapo nikaringa kidogo, nikasema nina mtoto wa kaka yangu anasoma ng'ambo. Kijana akabonyeza simu yake haraka sana. Hadi leo sijui alibonyeza nini, lakini orodha ilipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, jina langu halikuwemo.

Kati ya vyumba vinane, vitatu vilipata kadi ya matibabu. Tukaambiwa wale ndio "walengwa". Mimi nilidhani anayelengwa ni ndege, tena na mwenye manati.

Mmoja wao alikuwa jirani yangu wa chumba namba nne. Wewe uliondoka kabla hajahamia. Ni mjane, mshonaji wa zamani, tunamwita Mama Pindo kwa sababu nguo haikutoka mkononi mwake bila pindo kushonwa mara mbili. Ana sukari, na sukari imeanza kumla macho. Nilimfurahia alipopata kadi, kweli kabisa. Nikaenda kumpongeza. Lakini nilipotoka chumbani kwake, nilijikuta nahesabu sufuria zake.

Na si mimi peke yangu. Zamani tulikuwa tukipika uani, huyu anaazima chumvi, yule anaazima kinu, mtoto analala popote usingizi ulipomkuta. Baada ya orodha, kila mtu alihamishia jiko ndani. Waliopata walificha wanachokula wasije wakaonekana wana nafuu. Waliokosa waliwachungulia. Msusi wa chumba namba moja alinunua pazia zito. Fundi redio wa chumba namba sita akaanza kuuliza mwenye pazia zito anaficha nini.

Halafu wakaleta sanduku. Likawekwa ofisini, la bati, lina kufuli, limeandikwa "Toa maoni bila kutaja jina". Tukaelezwa kwamba ukimjua asiyestahili kadi, andika utumbukize, atachunguzwa. Mwanangu, mwenye wazo hilo alikaa wapi? Amewahi kuishi nyumba ya bomba moja?

Haukupita mwezi, Mama Pindo akapelekewa barua kwamba kadi yake imesimamishwa. Mtu fulani amemripoti.

Kuanzia siku hiyo macho yote yakawa kwangu. Mimi ndiye jirani wa ukuta mmoja, mimi ndiye niliyekosa, tena najua kuandika. Nikitokea bombani, ndoo zinaondoka. Mama Pindo mwenyewe hakuniuliza lolote, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Nami nikawa nashuku wengine. Nilimshuku msusi, maana mdomo wake hauna mlango. Nilimshuku fundi redio, maana mtu anayesikiliza redio za watu atashindwaje kusikiliza ukuta. Nilishuku hadi karani wa mtaa.

Jumamosi moja asubuhi ukaitishwa mkutano. Msusi akasimama, akasema, "Tusomewe hiyo karatasi! Kama mtu ana ushahidi, tusikie sote." Karani alikataa, watu wakazomea, mwishowe akaisoma:

"Naripoti kuwa mwanamke wa chumba namba nne anamiliki cherehani nzima aliyoificha, na anatumiwa msaada na mwanawe. Hastahili. Mengineyo shwari."

Watu waliangua kicheko kwa hayo maneno ya mwisho. Mimi sikucheka. Mwanangu, unajua kazi ya mume wangu. Miaka kumi na tisa analinda ghala la saruji, na kila zamu inapokwisha anaandika kwenye daftari: naripoti kuwa geti limefungwa, naripoti kuwa taa ya pili imeungua, mengineyo shwari. Hata alipoandikia wazazi wangu kunichumbia, barua iliishia hivyo hivyo.

Nilirudi nyumbani. Nikampakulia chakula, nikakaa mbele yake.

"Mume wangu," nikasema, "mengineyo shwari?"

Akaacha kutafuna. "Nini?"

"Nakuuliza tu."

"Walinzi wako wangapi mji huu?"

"Kwani mimi nimetaja mlinzi?"

Akanawa mikono, akatoka bila kumaliza sahani. Siku tatu tukaishi kama wapangaji wawili waliokodishiwa chumba kimoja kwa makosa. Nilikuwa nikimtazama anavyovua viatu na kujiuliza, huyu mtu ameniripoti mimi kwa nani? Ukishaanza kumshuku unayelala naye, hakuna pa kugeuzia shavu.

Siku ya nne Mama Pindo alianguka bombani. Alikuwa ameacha dawa tangu kadi iliposimamishwa, na hakumwambia mtu. Fundi redio ndiye aliyembeba, mimi nikashika kandambili zake. Kwenye dirisha la zahanati wakauliza kadi. Tukatazamana. Kila aliyekuwepo akatoa kilichokuwa mfukoni, msusi akaacha hereni zake, wakampokea. Akapata fahamu alasiri.

Mume wangu alitukuta tunarudi. Alipomwona Mama Pindo anavyoshikiliwa huku na huku, akaingia ndani, akaketi ukingoni mwa kitanda na sare yake ya kazi.

"Nilidhani wakimtoa yeye, wataingiza wewe," akasema. "Goti lako. Nilidhani nafasi ni zile zile, mmoja akishuka mwingine anapanda."

Nilitaka kumpiga, nilitaka pia kulia. Nikamwambia, "Utakwenda wewe kusema, au nitakwenda mimi."

Tulikwenda wawili. Karani alitusikiliza, akavuta droo, akapekua. "Fomu ya kutoa taarifa ipo," akasema. "Ya kuondoa taarifa hatujaletewa." Akashauri mume wangu aseme mbele ya mkutano, kamati ya mtaa iandike, ipeleke juu. Nikajua hapo kwamba mtu mzima wa miaka sitini na moja ataaibika mbele ya watoto wa jirani, na kwamba mimi nitasimama kando yake.

Alisimama mkutanoni, mwanangu. Akavua kofia. Akasema yeye ndiye aliyeandika, kwamba cherehani hakuijaribu kama inafanya kazi, na kwamba habari za huyo mtoto alizisikia tu vijiweni. Kweli yenyewe ni hii: cherehani ilikuwa ya marehemu mume wa Mama Pindo, gurudumu limevunjika miaka mitatu sasa, na huyo mtoto hajatuma hata salamu.

Mama Pindo akauliza swali moja tu: "Cherehani yangu uliiona wapi?"

"Siku ile mvua ilipoingia kwako. Uliniita nikuinulie kitanda."

"Basi nilikuita mwenyewe," akasema, akaketi.

Usidhani watu walimsifu kwa kusema kweli. Fundi redio alinyoosha mkono hapo hapo: "Huenda ni ujanja. Huenda anataka aonekane mwaminifu, orodha ya pili waandikwe wao." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Nami, Mungu anisamehe, kwa dakika moja nilimtazama mume wangu nikajiuliza kama ni kweli.

Kadi ilirudi baada ya wiki saba. Kwanza walikuja kuikagua cherehani, wakazungusha kipande cha gurudumu kilichobaki, wakaipiga picha. Wiki zote hizo tulimpeleka Mama Pindo zahanati kwa zamu, kila chumba siku yake, hata chumba namba nane ambacho hakisalimii mtu. Zamu yangu alikubali niende naye, ila alitembea hatua moja nyuma yangu, kama mtu anayemchunga mwizi kistaarabu.

Kwa hiyo swali lako la kuaminiana siwezi kulitia alama. Kadi ni nzuri, nisiseme uongo. Dereva mstaafu wa chumba namba tano amefanyiwa upasuaji wa jicho bila kuuza kitu, na sasa anatuona sote tulivyozeeka. Lakini waambie hao walimu wako kwamba maskini wanane ukiwapa watatu, halafu ukawapa wote kalamu na sanduku, usije baadaye kuwauliza kama wanapendana. Sanduku lenyewe bado lipo. Karani anasema hana amri ya kuliondoa. Juzi nilipita nikaona tundu lake limezibwa kwa kipande cha sabuni, na sijauliza nani. Mume wangu yumo humu kwa sababu wewe ni damu yangu. Kwenye masomo yako mwandike "mkazi mmoja".

Nimalizie na la wiki iliyopita. Mama Pindo alibisha hodi kwangu, mara ya kwanza tangu mambo yale. Hakuingia. Alinyoosha karatasi ya daktari, akasema macho hayamwonyeshi, nimsomee. Nikamsomea: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula, arudi baada ya wiki mbili. Akashukuru. Kisha nikasikia kandambili zake zinakwenda hadi chumba namba moja, na msusi anamsomea karatasi ile ile, kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Nilisimama nyuma ya mlango wangu, uso unanichoma.

Jana alikuja tena, na karatasi nyingine. Safari hii niliisoma polepole, neno kwa neno, nikamrudishia, nikafungua mlango wangu wazi ili aone njia ya kwenda kwa msusi. Akasimama pale kidogo. Akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akarudi kwake.

Nisalimie mke wako na mwambie picha ya mtoto tumeiona, ana paji la uso la babu yake, asijaribu kulificha kwa kofia. Baba yako hajambo, bado anabishana na daktari wa meno. Mama yako anataka uandike barua, si ujumbe wa maneno matatu. Mume wangu anakusalimu. Alitaka kuongeza mstari wake mwisho wa barua hii, nikamnyang'anya kalamu.

Mungu akukinge na baridi, akuepushe na marafiki wa mdomoni, akurudishe kwetu ukiwa bado unatutambua. Ukishaisoma barua hii, ichane.

Ni mimi nikupendaye kuliko maswali yako,

Shangazi