Siku Uliyoshika Mtaimbo

Mama Wawira,

Miaka yote niliyokuwa mkwe wako hukuniacha nikushukuru hata mara moja. Kila nilipokaribia maneno hayo, ulikumbuka kwamba ng'ombe hajanywa maji. Sasa ng'ombe ameshauzwa, nawe huna pa kukimbilia, kwa hivyo leo utanisikiliza.

Unaikumbuka ile Jumapili. Wawira alikuwa na mimba ya miezi minane, tumekuja kukuona Manyatta, na mvua ilikuwa imenyesha mpaka njia zote zikawa matope. Majirani walikuwa kanisani. Mimi nilikuwa nje nikiangalia tairi la nyuma. Jana yake, kule Kinoru, fundi alikuwa akilikaza, boliti moja kati ya nne zinazolishika ikakatika. Nilinunua nyingine, akasema atanifungia Jumatatu, na kwamba zile tatu zitanifikisha. Zilinifikisha kweli. Lakini nilipoinama kuangalia, niliona ya pili nayo imekatika njiani. Zilibaki mbili, na mfukoni nina moja.

Hapo ndipo Wawira aliponiita kutoka ndani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kirimi, kuna damu."

Tulifika mlangoni pamoja, mimi na wewe, na hata wakati ule ulisimama kando unipishe, uso umeuelekeza ukutani. Nilikasirika, nakwambia ukweli. Hata kwetu Muthara mama mkwe hashikwi mkono wala haketi karibu na mkwe wake, lakini wewe ulikuwa umezidisha. Tangu nimuoe binti yako hukuwa umeniambia neno lolote moja kwa moja. Ukitaka nile, ulimwambia Wawira. Wawira asipokuwepo, ulimwambia ng'ombe, ili mimi nisikie.

Nilipiga simu kwa jirani mwenye pikapu, alikuwa Nairobi. Wenye ambulensi walisema tungoje, bila kusema mpaka lini. Mtu wa boda alifika langoni, ukaiangalia pikipiki, ukamrudisha. Hata mimi ningemrudisha. Mtu anayevuja damu utamkalishaje pikipiki kwenye utelezi ule? Kulikuwa na gari langu tu, na ile barabara yenu inayoteremka kama paa la nyumba mpaka darajani. Kwa boliti mbili, tairi lingechomoka kabla hatujauona mto.

Kwa hivyo niliweka ubao chini ya jeki, nikainua gari, nikatoa tairi. Nikagonga kile chungu cha chuma kinachofunika breki mpaka kikaachia. Nikagonga kisiki cha boliti iliyokatika, kikagoma, nikakigonga tena huku nikimtaja Mungu na mambo mengine ambayo natumaini hukuyasikia. Kilipotoka niliingiza ile mpya kutoka nyuma. Boliti ya namna hiyo haisukumwi kwa mkono. Unaivuta kwa kukaza nati mbele yake, polepole, mpaka meno yake yaume chuma. Lakini kila nilipokaza, kitovu chote cha gurudumu kilizunguka pamoja na spana. Hakukuwa na kitu cha kukizuia.

Ulitoka mlangoni ukaenda mpaka zizini. Ukamwambia ng'ombe, "Hebu muulize huyo mtu kama anataka kushikiwa." Mimi nikamjibu ng'ombe kwamba ndiyo, nataka mtaimbo na mtu wa kuushika. Nikikumbuka leo nacheka.

Ulileta ule mtaimbo wa kuchimbia mashimo ya nguzo, ukauweka chini, ukarudi nyuma ili niuokote. Niliupitisha katikati ya zile boliti mbili nzima, nikakuomba uushike. Ukaushika mwisho kabisa, mbali na mimi, shingo umeigeuza upande. Nikakaza. Mtaimbo ukateleza. Nikaupanga tena, ukateleza tena na kunigonga kifundo cha mkono. Mtaimbo ulitakiwa kubanwa karibu, pale pale kwenye boliti, ubavuni pangu, na nilishindwa jinsi ya kukuambia.

Ndani Wawira alikuwa akiimba wimbo wa kanisa kwa pumzi fupi fupi. Kisha akanyamaza.

Uligeuka ukaniangalia machoni. Sikuwa nimewahi kuyaona macho yako. Ukasema, "Kirimi, shika mkono wangu uuweke pale unapotaka."

Nikasita. Mtu mzima mimi, mke wangu anavuja damu, nikasita.

"Shika," ukasema. "Mungu nitaongea naye mimi."

Nikaushika. Ulikuwa mgumu na mkavu, mkono wa kuchuma majani chai. Nikaubana juu ya mtaimbo, karibu na boliti, ukapiga goti kwenye matope na bega lako likaegemea langu. Nilikaza. Meno yakaanza kuuma. Kila mzunguko spana ilikukwaruza vidole, nami nilikuwa naona, na hukuutoa mkono. Uliomba kwa Kiembu, chini kwa chini, mpaka boliti ikakaa.

Tulirudisha tairi kwa nati tatu. Tukashikana mikono tukafanya kiti, tukambeba Wawira mpaka kwenye gari. Njiani nilisikiliza tairi lile kuliko nilivyowahi kusikiliza kitu chochote. Tulipofika kwenye lami nilisimama nikakaza nati tena, nikiogopa kwamba utanigombeza kwa kuchelewa. Kichwa cha Wawira kilikuwa mapajani mwako na ulikuwa ukimpigapiga mashavu asilale.

Hospitalini Embu walimkimbiza ndani. Wewe ukaenda kukaa benchi la mbali, ukanipa mgongo, ukafunika vidole vyako kwa leso. Nikajua tumesharudi kule kule. Tulikaa hivyo muda mrefu sana, kila mtu na hofu yake. Muuguzi alipotoka akauliza watu wa Wawira ni nani, mimi nikakungojea wewe, wewe ukaningojea mimi. Mwishowe ukanyoosha ule mkono uliokwaruzika, ukanielekeza bila kugeuka.

"Anza na mwanangu yule," ukamwambia. "Mwambie yeye kwanza."

Wote wawili walikuwa hai, Wawira na mtoto. Makena sasa anasoma darasa la tatu, na ana ukaidi wako.

Tulikuzika Alhamisi. Mzee wa kanisa alikusifu kwamba uliishika heshima ya zamani, kwamba hakuna mkwe aliyewahi kukugusa mkono. Watu wakaitikia. Wawira alinikanyaga mguu nisifungue mdomo, na sikufungua. Lakini waliobeba jeneza walipoanza kuteleza kwenye mteremko, nilitoka upande tuliowekwa sisi wakwe, nikashika. Yule mzee akanizuia kwa kiganja, akaniuliza mimi ni nani wa marehemu hata nimbebe.

Nikamwambia, akanipisha.

Asante, Mama. Pumzika.

Mwanao,
Kirimi