Swali la Nane

Jumatatu, 7 Juni 1965
Leo amekuja bwana wa probesheni kutoka Kwale, mtu wa bara, mpole. Bodi ya msamaha wa wafungwa inamfikiria Alfani wangu! Ametimiza miaka sita jela kwa kumkata jirani yetu Chirau panga—imebaki minne, huenda wakaisamehe. Karatasi ina maswali kumi, kila jibu lina alama. Anasema siku hizi hawakisii: wamewahesabu waliofunguliwa, wakaona wenye nyumba, kazi na mtu wa kuwangoja hawarudi tena jela.

Nyumba ipo. Kazi ipo, kwenye minazi ya Mjomba Mbwana aliyemlea. Alama zinapanda!

Kisha la nane: mama, wewe mwenyewe unamtaka mumeo?

Mbele ya Mjomba! Nikainamisha uso, nikavuta leso, kimya. Ningesema nini, mke wa watu, mbele ya mkwe? Bwana akaandika, Mjomba akatia dole gumba, shahidi.

Jumatano, 9 Juni
Wifi yangu Chiku amemkuta yule bwana dukani, akamdadisi. Swali la nane nimepata sufuri. Eti mke hana haja naye!

Sina haja naye! Mimi ninayelifua shati lake kila Alhamisi, shati ambalo halijavaliwa miaka sita! Namtaka. Nataka kikohozi chake mlangoni, nataka hata kelele zake za chumvi imezidi. Adabu yangu ndiyo itakayomfunga? Ole wangu.

Alhamisi, 10 Juni
Nimekwenda Kwale. Jibu hubadilishwa, lakini mbele ya shahidi yule yule. Na faili linaondoka kwenda kwa Bodi kesho adhuhuri.

Nimemwambia Mjomba kwa kuzungukazunguka, uso chini. Amekohoa, akaenda kuswali.

Ijumaa, 11 Juni
Kwale, benchi la ofisini. Mjomba amekuja! Kanzu ya Idi, kilemba. Sasa hivi tu ameniambia, akiutazama ukuta:

"Mwanangu, ukiulizwa sema yote. Mimi masikio yameziba tangu mfungo."

Mwongo huyu mzee! Asubuhi nimepiga chafya jikoni, akaniombea rehema kutoka uani. Nicheke au nilie?

Wanaita jina langu. Mjomba ametangulia kuingia, anakishusha kilemba mpaka chini ya masikio, na bwana anamsihi akivue, shahidi sharti asikie—