Mashimo Yasiyokuwa na Miche

Mpendwa Wanja,

Nakusalimu kutoka hapa Kianjokoma. Goti la cucu, bibi yako, limepata nafuu, na yule ng'ombe mwekundu amezaa mtamba.

Unauliza ufanye nini ili malengo yako yasiishie mdomoni. Swali hilo limeniinamisha kichwa. Nikiwa kijana nilisimama kanisani nikatangaza kwamba mvua ikianza, mteremko wetu wote utakuwa kahawa. Watu walipiga makofi. Jumamosi vijana wenzangu wakaja na majembe kunisaidia, mama akawapikia githeri. Kufikia jioni mteremko ulikuwa mashimo matupu. Ndipo jirani yetu, mzee Njiru, akaniuliza, "Sasa miche iko wapi?"

Sikuwa nayo. Hata kuulizia sikuwa nimeulizia. Mama aliinama akajifanya anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Mvua ilijaza mashimo maji, na kila Jumapili watu walipita hapo wakienda kanisani, vyura wakiwaimbia.

Msimu uliofuata nilipanda mbegu nyuma ya jikoni, kiasi ambacho ningeweza kumwagilia mwenyewe kila asubuhi. Sikumwambia mtu. Kila mche uliokua ulipata shimo lake. Nawe nieleze, kesho asubuhi utamwagilia nini?

Shimo moja lilibaki. Ndilo ulilotumbukia ukiwa mdogo, nikakudanganya kwamba limechimbwa na fuko. Ukauliza, "Guka, ni fuko gani mkubwa hivyo?" Leo nakujibu, Wanja. Ni mimi,

Guka, babu yako.