Mguu wa Kuku Chini ya Kiti

Mtaa wa Kiwanda, nyumba ya 41,
Lenning Gap,
Karolina ya Kaskazini.
Alhamisi, 23 Machi 2006

Mpendwa Shangazi Eula,

Shikamoo. U hali gani huko Alaska? Magoti yako yanasemaje, na kile kikohozi cha kabla ya Krismasi kimekuachia? Mimi ni mzima wa mwili. Samaki wako wa moshi walifika salama. Nusu niliwala nimesimama pale pale mlangoni mwa posta, nusu nikampelekea Clarice jirani yangu, naye anasema Mungu akuzidishie.

Umeniuliza mbona nimekuwa kimya. Shangazi, nilikuwa na hasira, na kila nikishika kalamu naandika yasiyoandikika kwa mtu aliyenilea. Hasira bado ninazo. Ila sasa angalau zimejipanga foleni, naweza kukutolea moja moja.

Kiwanda cha viti kilifungwa Oktoba, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba tuliagwa kwa keki. Watu mia moja themanini na sita, keki mbili. Royce Tolliver mwenye kiwanda, huyo huyo uliyemfundisha Sunday school akiwa bado anajikojolea, alipanda juu ya kreti akalia machozi ya kweli. Na sisi tukamlilia. Miaka ishirini na saba nimepiga msasa na kupaka vanishi kwa ukoo ule, halafu mimi ndiye niliyempa leso.

Sasa, serikali ina msaada kwa wafanyakazi wanaopoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje. Unalipiwa masomo, na unapewa posho ya kula wakati unasoma. Kinachotakiwa ni wafanyakazi watatu watie sahihi fomu na kueleza kazi ilikwenda wapi. Tulitia sahihi mimi, Clarice, na Boyd Hensley wa mashine ya kukereza miguu ya viti.

Nilichotaka mimi ni uuguzi. Wewe unajua nilivyomuuguza mama miaka miwili ile ya mwisho, hakupata hata kidonda kimoja cha mgongo. Nina miaka arobaini na tisa, nikaenda chuo cha wilaya nikafanya mtihani wa kuingia pamoja na watoto wanaotafuna bazoka, nikafaulu. Wakaniwekea nafasi mpaka mwisho wa Februari, nilete karatasi ya msaada. Shangazi, sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka nafasi ile.

Desemba likaja jibu kutoka Washington: hamstahili. Kumbe wakishapokea fomu humwuliza mwajiri, na Royce alikuwa amewaandikia kwamba viti vya nje havikuhusika kabisa, mashine zilizeeka tu na wateja wakapungua. Aliyaandika hayo kwa sababu madukani bado anauza viti kwa lebo ile ile ya zamani, eti kazi ya mikono ya milima yetu. Hakutaka ijulikane mikono ni ya nani.

Lakini na sisi tulikuwa wajinga, nakiri. Hapa kwetu mtu hamwandiki Tolliver vibaya kwenye karatasi. Kwenye fomu, pale walipouliza kazi imekwenda wapi, tuliandika "kazi ilipungua", basi, ili tusimwaibishe. Nilipotaka kukata rufaa, Boyd akakataa. "Achana naye, Nadine. Royce alimzika baba yangu kwa pesa yake." Nikamwambia atatuzika na sisi pia, tena tukiwa hai. Tukanuniana wiki nzima.

Januari nikamburuta Clarice mpaka Hickory, kwenye duka kubwa la fanicha. Viti vyetu vilikuwa vimepangwa dirishani, au niseme vilivyofanana na vyetu. Nikaanza kuvipindua kimoja kimoja. Muuzaji akaja mbio.

"Mama, viti hivyo ni vya kukalia!"

"Nimevipindua tangu hujazaliwa, mwanangu. Subiri kidogo."

Unaikumbuka desturi yetu sisi wapaka vanishi: kiti kikikutoka vizuri kupita vingine, unakiwekea alama yako ya penseli chini, pasipoonekana. Yangu ni mguu wa kuku wenye kidole kimoja kilichopinda. Basi, chini ya kiti cha kwanza palikuwa na mguu wa kuku. Cha pili, mguu wa kuku. Vyote sita! Kidole kimepinda vile vile, lakini umegongwa kwa muhuri wa wino, na pembeni yake pameandikwa kwamba kiti kimetengenezwa China. Royce alipeleka ng'ambo kiti changu mwenyewe kiwe sampuli, na mafundi wa kule wakadhani alama ile ni sehemu ya kiti. Sina ugomvi nao. Walinakili walichopewa, na vanishi yao si mbaya.

Nilicheka mpaka muuzaji akadhani nimepagawa. Clarice akapiga kelele duka zima, "Nadine, wamekuibia mpaka kuku!"

Tulinunua kimoja tukakibeba hadi ofisi ya ajira, kwa karani mmoja anaitwa Teague. Akakitazama kiti, akaitazama fomu. "Fomu hii haina mahali pa kuweka kiti," akasema. Nikakikalia kile kiti, nikamwambia aandike kwamba mwombaji ameukalia ushahidi. Nimtendee haki, alicheka, akaleta kamera, akapiga picha za chini ya kiti, akaja na nyumbani kwangu kupiga za viti vya zamani vyenye alama yangu ya penseli. Boyd alipouona ule mguu wa kuku aliupapasa kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Leteni kalamu," na safari hii tuliandika yote.

Wiki iliyopita walikubali. Watu wote mia moja themanini na sita! Jumapili kanisani Royce akanishika mkono mbele za watu. "Nimefurahi, Nadine. Tuliwaombea sana."

"Ulichotuombea nimekisoma, Royce. Kina sahihi yako."

Mkewe aliangusha kitabu cha nyimbo. Najua ungenikonyeza.

Lakini sikiliza hili. Februari ilikwisha karatasi haijafika, na nafasi yangu ya uuguzi akapewa mtu mwingine. Darasa jingine ni baada ya mwaka mzima, na sheria inataka niwe darasani ndani ya wiki nane, la sivyo posho naikosa. Teague akanifungulia orodha ya kozi zenye nafasi. Iko moja tu inayonifaa, alisema. Kupiga msasa na kupaka vanishi samani, miezi tisa, unapewa cheti.

"Nani atanifundisha?" nikamwuliza.

Akafunua kurasa, hakuinua uso. "Bado wanatafuta mwalimu."

Shangazi, niliondoka bila kuaga, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Tangu Jumatatu nakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Bi. Ledbetter, mkuu wa uuguzi. Yeye mwenyewe aliwahi kuniambia kila darasa hukimbiwa na mtu au wawili likikaribia kuanza, na hili linaanza Jumatatu ijayo. Alinisihi niende nyumbani, atapiga simu. Nimekataa. Naja na chakula changu, naondoka wakifunga mlango. Barua hii naiandikia gotini hapo hapo kwenye korido.

Uliniandikia nije huko nifanye kazi ya samaki pamoja nanyi, na nauli mtatoa. Nakushukuru kwa moyo wangu wote. Siji. Kiwandani niliondoka kwa kipande cha keki, nikasema na asante. Hapa waniondoe kwa kunibeba.

Nilipofika mstari huo Bi. Ledbetter akatoka na funguo zake mkononi.

"Bado upo?"

"Nipo."

Akanitazama sana. "Sikuahidi kitu, umesikia? Lakini Jumatatu njoo na viatu vyeupe."

Nikainua miguu nikamwonyesha. Ninavyo tangu siku ya kwanza.

Nisalimie mzee Virgil, mwambie apunguze chumvi. Msalimie Tansy na mapacha wake, na Dewey akirudi kutoka baharini. Clarice anawasalimu, hata Boyd anawasalimu. Mungu awape joto kwenye baridi hiyo, na wewe uniombee viatu hivi vichakae.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Nadine Pruitt