Jalada la Upande wa Baba

Jumanne, 19 Novemba 1963

Leo Mwalimu Mbeyu alitandaza majarida ya Nairobi mezani, kama muuza samaki anavyopanga changu. Akatuambia tusisome neno hata moja. Tutazame majalada tu, kisha tueleze kila moja linamwita nani.

La kwanza: bwana mwenye tai na mkoba. Nikasema linawaita makarani, na wanaotamani kuwa makarani. La pili: bibi anayekutazama machoni. Rispah wa dawati langu akasema hilo linaita wanaume, bila shaka! Tukacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema linawaita wanawake pia, wale wanaotaka kuwa kama yeye. Jalada hukushika kwa kitu unachokitaka tayari.

La tatu: muuguzi. Nguo nyeupe, mtoto mchanga mikononi. Hilo liliniita mimi. Nimeliazima.

Nimeliazima kwa ajili ya Baba. Skuli ya bweni Mombasa wamenikubali, lakini Baba hajasema ndiyo wala la, na jibu linatakiwa kabla ya mwaka kwisha. Baba hasemi anachokitaka. Nafikiri nakijua. Dada yake, Shangazi Mwanasiti, alikataa kuzalishwa na daktari mwanamume. Akafia chumbani. Tangu siku ile sijamsikia Baba akilitaja jina lake.

Jumatano, 20 Novemba

Nilimpa Baba jarida baada ya chakula. Alilipokea, akalitazama mara moja tu — uso ukabadilika. Haya ndiyo mnayosomeshwa? Akalisukuma chini ya jamvi. Akaenda kunawa mikono tena.

Muuguzi na mtoto! Ana ubaya gani? Mama alinikonyeza ninyamaze.

Kama hawezi hata kumtazama muuguzi, basi sina langu.

Jumamosi, 23 Novemba

Nilitumwa chumvi dukani kwa Mzee Chande. Shikamoo, marahaba. Alikuwa akifungia watu bizari kwa kurasa za majarida makuukuu. Akaokota moja ili alichane, akashtuka.

"Astaghfirullahi! Kila gazeti la siku hizi linaanza na ulevi."

Nikachungulia. Chupa ya pombe inatoa povu, na mwanamke mabega wazi anacheka.

"Mzee, hapo ni nyuma."

"Nyuma ya nani? Mimi naanzia kulia tangu nilipotiwa chuoni kusoma Kurani. Na baba yako vilevile. Tulikaa mkeka mmoja."

Nilirudi mbio. Nikalitoa jarida chini ya jamvi, nikalishika kama alivyoshika Mzee Chande, mgongo upande wa kulia. Chupa ileile. Mabega yaleyale!

Baba hakumwona muuguzi hata kidogo. Aliona pombe, naye binti yake ndiye aliyempa.

Mama: chumvi iko wapi? Nikarudi dukani.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimemweleza Mwalimu Mbeyu. Skuli yetu inatoa jarida lake la Uhuru, litakalopigwa kwa mashine ya stensili. Mbele ni bendera mpya. Nyuma ni tangazo la fundi cherehani. Nikaomba jalada la nyuma nilichore mimi. Sauti yangu ilikuwa ndogo mno, nikaomba mara mbili.

Mwalimu alichukua jarida moja, akaligeuza. Kisha akasema amefundisha hapa muda wote huu bila kujua kuwa wazee wetu wanaingilia mlango mwingine. Fundi atahamishiwa ndani. Nami niweke insha yangu ukurasa wa kwanza wa upande huo, ile ya kwa nini nataka kuwa mkunga.

Rispah: "Gazeti la vichwa viwili! Kama nyoka wa hadithi za nyanya yangu kule Taru." Lakini ndiye aliyebaki kunichongea penseli.

Jumatano, 4 Desemba

Jalada langu limekwisha. Muuguzi nimemvika ushungi, kama wa kwetu. Macho yake yanamtazama mtoto, hayamtazami msomaji, maana Baba humwepuka mwanamke anayemkazia macho. Juu nimeandika jina la skuli kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu akasema anaona mawimbi na nukta tu, ila ananiamini.

Katika insha nimemtaja Shangazi kwa jina. Sikumwomba Baba ruhusa. Nilimsomea Mama. Alilia. Akasema nisilifute, ila yeye hatakuwepo litakaposomwa.

Ijumaa, 13 Desemba

Jana Uhuru. Bendera, ngoma, watoto wamekauka sauti. Majarida yote yameondoka. Moja nililileta nyumbani.

Leo jioni Baba aliketi jamvini. Nilimpa kwa mikono miwili. Akalishika — mgongo kulia.

Alilitazama sana. Midomo ikatembea juu ya herufi.

"Nani ameandika haya?"

"Mimi, Baba."

"Herufi yako ya nuni imekaa vizuri."

Kidole chake gumba kilikuwa juu ya yule mtoto, na hakikuondoka. Akafunua. Ndani ni herufi za kizungu. Akanirudishia.

"Nisomee. Anzia huku kwangu."

Mama akachukua ndoo akaenda kisimani. Mitungi yote imejaa!

Nikasoma. Mvua ile, wanawake wamejaa ukumbini, mtu ametumwa kuita daktari, na mlango wa chumba umefungwa kwa ndani. Baba alikuwa ameinama. Hapo ikaadhiniwa magharibi. Akainua mkono.

"Basi hapo. Tutaendelea nikirudi."

Alitia alama mwenyewe, kwa kijiti cha ukuti. Hakulisukuma chini ya jamvi. Aliliweka juu ya rafu, upande wake ukiwa juu, akaenda msikitini.

Sentensi inayofuata inaanza kwa jina la Shangazi.

Mama bado yuko kisimani. Nasikia makubadhi ya Baba uani.